Udongo wa Ukuta Wenye Meno

Jumamosi, 14 Januari 1995
Nyahanga, Kahama

Mvua imekata tangu Mwaka Mpya. Mahindi nyuma ya nyumba yamekunja majani, na upepo unaleta vumbi mpaka juu ya meza ninayoandikia.

Leo nitaandika yote. Sitaruka jambo kwa kuwa linanitia aibu, wala sitalipamba ili nionekane mwema. Sista anayetufundisha Kiswahili husema kwamba shajara ya uongo ni mzigo wa bure, mtu anaubeba na hana anakoupeleka. Nikimaliza nitazichomoa kurasa hizi na kuzituma kwa mtu mmoja. Nitamtaja nikifika kwake.

Nianze na Bibi, mama yake mama yangu.

Baba yake Bibi aliitwa Masanja. Alichukuliwa kubeba mizigo ya vita vya Mjerumani na Mwingereza wakati Bibi akiwa mdogo, hajang'oka jino. Waliondoka wengi, akarudi mmoja. Huyo aliyerudi alisema Masanja alikufa kwa kuhara damu katika mji wa mawe, ng'ambo ya maji, akazikwa nyuma ya ukuta mrefu wenye meno juu yake. Hakujua jina la mji. Alikumbuka ukuta tu, kwa sababu hakuwahi kuona ukuta wenye meno.

Tangu hapo, kila mtoto wa ukoo akiugua homa isiyoisha, mganga husema neno lilelile: Masanja bado yuko njiani.

Kwetu mtu aliyefia mbali huletwa hata kama ni kwa konzi ya udongo. Udongo wa alipolala unafungwa kwenye kaniki, unamwagwa kwenye lango la zizi pamoja na unga wa mtama uliokorogwa kwa maji, na anaambiwa: umefika, pumzika. Masanja hajaambiwa hivyo. Bibi amemngoja maisha yake yote.

Mwaka jana miguu ya Bibi ilianza kuvimba. Macho yake hayaoni vizuri tena, na yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Hilo la macho tunaliogopa zaidi ya miguu, kwa sababu huku kwetu siku hizi bibi kizee mwenye macho mekundu husemwa kuwa mchawi, na wengine wameuawa kwa kusemwa tu. Mama hamruhusu kukaa barazani jioni. Nilipomwambia apumzike, alinijibu kwa Kisukuma:

"Ng'wanone, mwanangu, nitapumzikaje? Siwezi kutangulia nyumbani wakati baba bado yuko njiani. Nani atanipokea?"

Ndipo ikatokea safari.

Mama yangu ni fundi cherehani kwenye baraza la duka la vitambaa la Mama Shirin. Mama Shirin ana binti aliyeolewa Tanga. Goti lake ni bovu, na kwenye basi hutapika kutoka mwanzo wa safari mpaka mwisho, kwa hiyo alitaka kwenda kwa treni mpaka Dar es Salaam kisha kwa meli, na alihitaji msichana wa kumbebea mkoba na kumshika mkono kwenye ngazi. Likizo ya Desemba ilikuwa imeanza. Alinichagua mimi. Meli ile ingetia nanga Unguja kwa saa kadhaa kabla ya kuendelea.

Kwenye kitabu chetu cha historia mna picha ndogo ya Unguja, mji wa mawe unaotazama bahari. Nyuma ya mashua pana ukuta, na juu ya ukuta pana meno. Nilimsomea Bibi maelezo ya picha. Kesho yake alinipa kopo tupu la maziwa ya unga, kijiko, na kipande cha kaniki.

Sikumwambia Sista. Najua angesema wafu hawahitaji udongo, wanahitaji sala. Huenda ni kweli. Lakini Sista hajawahi kulala chumba kimoja na Bibi.

Meli ilifika Unguja saa mbili asubuhi. Bandarini ofisa alisoma barua yangu ya utambulisho, akaigeuza, akaisoma tena.

"Kahama. Msukuma?"

"Ndiyo, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Na ng'ombe umewaacha na nani?"

Wenzake wakacheka, nami nikacheka kidogo kwa adabu. Mama Shirin alikwenda kupumzika kwa jamaa zake karibu na bandari. Aliniambia nitembee, nijifunze, lakini saa nane kamili niwe kwenye ngazi ya meli. "Nahodha si mjomba wako, Minza. Hakungoji."

Nilikuwa sijawahi kutembea peke yangu katika mji nisioujua. Nimezaliwa katika nchi tambarare. Kwetu ukitaka kwenda mahali unapaona kwanza, halafu unaanza kwenda. Mji ule haukuonyeshi unakokwenda. Vichochoro vimebanana, nyumba ni ndefu, na ukiinua macho unaona mbingu nyembamba kama utepe wa Mama. Milango ilikuwa mizuri kuliko milango ya kanisa, yenye vifundo vya shaba, lakini nyingi ya kuta zilikuwa zimevimba na kumeguka, na nyumba mbili nilizozipita zilikuwa zimeanguka zikabaki ngazi zinazopanda kwenda hewani. Kila mahali palinuka chumvi na ukungu.

Niligeuka kulia, nikageuka tena, nikarudi kwenye mlango uleule wenye paka mweupe. Mara ya tatu paka hakuniangalia tena.

Niliuona ukuta saa tano na nusu.

Meno yalikuwepo. Nilisimama nikayahesabu kama mjinga mpaka nikapoteza hesabu. Nilitaka kulia, lakini sikujua kama ni kwa furaha.

Kisha nikaanza kutafuta udongo.

Mbele ya ukuta kuna lami. Ubavuni kuna saruji, na baada ya saruji mawe, na kati ya mawe chokaa. Nilizunguka nikitazama chini. Nilipoteza muda mwingi, kwani sikuwahi kufikiri kwamba kuna watu wanaishi mahali pasipo na udongo. Sisi tunaosha miguu kila tunapoingia ndani, na kila asubuhi tunaufagia. Katika mji wa mawe nilikosa hata wa kujaza kijiko.

Nyuma kuna kichochoro. Hapo nilipiga magoti nikaanza kukwangua ufa kwa kijiko. Ilitoka chokaa nyeupe tu.

"We mwanangu, wachimba nini hapo?"

Alikuwa mama mtu mzima, amekaa kwenye baraza la nyumba yake akichagua mchele kwenye ungo. Mtu anayechimba chini ya ukuta wa watu ataitwa nini? Kwetu najua angeitwa nini.

"Shikamoo, bibi. Ni kwa ajili ya somo la jiografia," nikasema. "Mwalimu ametutuma mifano ya mawe."

Huo ndio uongo wangu wa kwanza. Ulitoka kwa Kiswahili sanifu, bila kosa.

"Marahaba. Mwalimu wako kakutuma mbali. Watoka wapi?"

"Kahama, mkoa wa Shinyanga."

"Ndiko wapi huko?"

"Bara kabisa. Treni siku mbili."

"Siku mbili kufuata jiwe!" Akasukuma ungo pembeni. "Njoo ukae kitako, unywe chai. Jiwe halikimbii."

Alinipa chai ya tangawizi na kipande cha mkate wa kumimina. Jina lake ni Bi Salma. Aliniuliza kuhusu mama yangu, shule yangu, kama ni kweli tunacheza ngoma na nyoka. Nikamwambia wapo wanaocheza, si sisi. Akaniambia watoto wake wamekwenda Uarabuni, amebaki mmoja. Aliniandikia anwani yake kwenye karatasi ya sukari ili nikifika nimjulishe nimefika salama. Nilikaa kwenye baraza lake, kopo langu miguuni, nikisema moyoni: mwambie. Huyu ni mtu mwema. Mwambie.

Sikumwambia.

Ilikuwa karibu na saa nane nilipoaga. Alinisindikiza hatua chache, akaonyesha kiwanja kidogo kilichozungushiwa mabati yenye kutu, kati ya nyumba yake na ukuta.

"Mawe mazuri yamo mle. Ila mama yangu, Mungu amrehemu, alitukataza kucheza humo. Akisema wamelala watu wa bara, wachukuzi wa vita vile vya zamani. Hawakuwa na mtu wa kuwasomea."

Nilitazama kwenye tundu la mabati. Niliona majani marefu, gurudumu la baiskeli na kivuli cha ukuta. Ardhi sikuiona, majani yameifunika. Mlango una kufuli.

"Ufunguo anao mwanangu," akasema Bi Salma. "Arudi baada ya alasiri."

Meli ikapiga honi.

Ningeweza kumwambia wakati ule. Neno moja lingetosha: babu yangu. Angevunja kufuli, nadhani. Au angechota mwenyewe akanitunzia. Lakini kumwambia kungekuwa kukiri kwamba nimekunywa chai yake nikimdanganya. Nikasema, "Asante kwa chai, bibi." Nikajiambia tutarudi kwa meli ileile baada ya wiki mbili, nitajipanga vizuri, nitakuja na ukweli.

Nilikimbia.

Hatukurudi kwa meli. Mkwe wa Mama Shirin alikuwa na safari ya gari kwenda Dodoma, akatuchukua, tukapanda treni huko. Nilijiambia nitamweleza Bibi ukweli. Treni ilipofika Tabora bado nilikuwa nitamweleza ukweli.

Tulishuka Isaka asubuhi ya Jumatano. Wakati Mama Shirin anatafuta gari la Kahama, mimi nilikwenda nyuma ya ghala la stesheni. Nilipiga magoti kama nilivyopiga kule, na kijiko kilekile. Udongo ulikuwa mwingi, mwepesi. Nilijaza kopo kwa kufumba na kufumbua.

Bibi alikuwa kitandani nilipoingia. Hakuuliza habari za safari. Alinyoosha mikono yote miwili, na nikaliweka kopo mikononi mwake.

Watu wa mjini hawajui jambo hili. Wazee wetu wanaujua udongo kama mwenye duka anavyojua vitambaa. Ule mweusi unaonata ni mbuga, hufaa mpunga. Ule mgumu usiopitisha maji una jina lake. Ule mwepesi wa kichanga, wa karanga na mihogo, ni luseni. Hawahitaji kuuona. Nililijua hilo tangu utotoni, na bado nilidhani macho yake mabovu yatanisaidia.

Alichukua chembe, akazisugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Akazileta puani. Kisha akaziweka ulimini.

Mama alikuwa mlangoni.

"Luseni," akasema Bibi.

Alirudia tena, taratibu. "Hii ni luseni." Nikaona machozi yanamtoka, naye hakuyafuta. "Kumbe na huko ipo. Miaka yote hii nilidhani baba amelala kwenye mawe. Kumbe amelala kwenye udongo kama wa kwetu."

Usiku huo alilala bila kuamka. Jana alikula ugali kwa mara ya kwanza tangu Krismasi. Leo amemtuma mtu Ushirombo kumwita mjomba aje mwisho wa mwezi na kondoo, Masanja apokewe. Mama anasema nimerudisha uhai wa nyumba hii. Kila akilisema natoka nje.

Nimefanya nini? Nikinyamaza, watamwaga udongo wa stesheni kwenye lango la zizi na kumwambia: umefika. Naye Masanja atakuwa bado yuko njiani, safari hii kwa sababu yangu, na hakuna atakayemngoja tena. Nikisema, nitamnyang'anya Bibi usingizi wake. Na sijui kama atakuwa na nguvu ya kungoja upya. Asubuhi nilibonyeza mguu wake wakati namkanda, na shimo la kidole changu lilichukua muda mrefu kufutika.

Nimesali. Nimejaribu pia kusali kwa Masanja, Mungu anisamehe, nikamwomba anivumilie.

Kuna wazo moja tu linaloniwezesha kukaa na kalamu hapa. Majani marefu kama yale hayaoti juu ya mawe. Chini yake lazima kuna kitu, na mimi sikukiona. Siwezi kusema kilikuwa nini.

Bi Salma, kurasa hizi ni zako. Mimi ndiye msichana wa kijiko. Hapakuwa na somo la jiografia. Nakuomba radhi kwa chai yako na kwa mkate wako. Ndani ya bahasha hii nimeweka kipande cha kaniki cha Bibi. Ukiweza, mwombe mwanao ufunguo, uchote konzi moja karibu na ukuta, uifunge humo na uiweke posta. Wasomee na wale wengine, kwa dua za kwenu, ikiwa hutaona vibaya.

Lakini kama kutuma ni kazi, basi usitume. Ingia tu, uiname, uchukue chembe uzisugue kati ya vidole viwili, kisha unijibu upesi kabla mwezi haujaisha, kwa ukweli hata kama utaniumiza: je, udongo wa pale unanata, au unachururika kama mchanga?