Kijiti cha Oili na Jina la Mawese

Jumanne, mwezi wa tisa. Kijijini Titye. Jua kali, vumbi jekundu mpaka kwenye meno, na mimi nimeamka na nia mbaya na mtu.

Mtu mwenyewe ni Bukuru, kaka wa mke wangu. Ni pacha wa kwanza. Alitangulia kutoka tumboni, na tangu siku hiyo anadhani kila mlango ulifunguliwa kwa ajili yake.

Mjukuu wangu aliyenifungulia blogu hii kaniambia, "Babu, andika ya moyoni, ila bila matusi." Ya moyoni bila matusi? Si nitaacha ukurasa mweupe? Haya, nitajitahidi.

Mashine ya kusaga muhogo hapa kijijini ni ya Bukuru. Banda ni lake. Injini inayoizungusha ni yangu, injini ya dizeli iliyokuwa kwenye boti. Miaka mingi nilikula nayo ziwani, nikiwa fundi wake. Mbao za boti zilipooza nikaing'oa, nikaipandisha huku milimani kwenye lori, chini ya magunia ya dagaa. Kwa hiyo wanaume wawili wasiopendana tumefungwa pamoja kwa mkanda mmoja wa mpira. Ukikatika, wote tunakaa tunaangaliana.

Na sura ya Bukuru si ya kuangalia siku nzima.

Tangu ifike huku, injini inaumwa. Inatoa moshi wa buluu na kutema oili kwenye kipumulio, tundu lake la kutolea hewa. Unga wa watu unapata madoa, ugali unanuka gereji. Kina mama wameanza kubeba muhogo wao hadi mashine ya Nyakitonto, na muhogo unavyolemea kichwani, ujue wamechoka na sisi kweli.

Sasa umeme umefika, Bukuru kaota mota. Jumapili akatangaza mbele ya watu kwamba Alhamisi anakuja mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake. Injini yangu ipimwe kilo kama kitimoto! Nikamwambia, shemeji, kwanza nibadilishe oili na filta, ndipo uizike. Akasema, "Nakupa mpaka Jumanne. Ikitoa moshi tena, umekwisha."

Basi leo asubuhi nikaingia kazini. Bukuru akaweka kiti mlangoni, akakaa kunitazama kama mtu aliyelipa kiingilio.

Nikaiwasha dakika chache ipate joto, maana oili ya baridi ni nzito, haitoki na uchafu wake. Nikazima. Nikafungua nati ya chini, ikaanza kumwagika, nyeusi kama roho ya ninayemjua. Nilitega dumu la lita tano. Dumu likajaa. Oili bado inatoka. Nikakimbilia beseni la mke wangu la kuoshea vyombo (nitasikia habari yake), likapokea lita mbili nyingine.

Hapo mtu mwenye akili angesimama. Kule ziwani nilikuwa nanunua dumu moja tu, na masalia yanabaki. Injini inayokula oili itakutwaje imeshiba?

Mimi nilikuwa na hasira. Hasira haihesabu lita.

Filta ya zamani ilikuwa imeng'ang'ania. Nikaitoboa kwa bisibisi, nikaizungusha kama shingo ya kuku. Mpya nikaipaka oili kwenye mpira wake kwa kidole, nikaikaza kwa mkono, bila spana, kama inavyotakiwa. Nikajaza oili mpya huku nikichungulia kijiti cha kupimia, mpaka ikagusa alama ya juu. Safi. Fundi ni fundi.

Nikawasha.

Moshi wa buluu ukajaa banda zima. Kipumulio kikanitemea kifuani.

Bukuru alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Akasema, "Muramu," ndivyo Waha tunavyomwita shemeji, "hilo ni lisamaki, lirudishe majini! Kule ziwani lilikuwa limelala chali kama mlevi, lina raha zake. Wewe umelileta huku umelisimamisha wima kama askari, na kile kichupa chako cha mapovu!"

Nilishainua spana nimrushie. Nikaishusha.

Kwa sababu kichupa cha mapovu ni pima maji. Ndiyo sifa yangu kubwa. Siku ya kuifunga injini hii kwenye saruji nililaza pima maji mbele, nyuma, kushoto, kulia, na nikawaita watu waje waone povu lilivyotulia katikati. Nikawaambia, mimi nimeishia darasa la nne lakini tazameni.

Na kwenye boti injini hailali sawa. Inainama, nyuma chini, mbele juu, ili mhimili wake ufuate panga linalosukuma boti majini. Kijiti cha injini yangu kiko nyuma, upande wa chini, oili inakokusanyika. Alama ya juu ilikatwa kwa injini iliyoinama. Ukiilaza sawasawa, ukajaza mpaka alama ileile, umeizamisha.

Misimu miwili nimekuwa nikiizamisha injini yangu kwa mkono wangu, na povu katikati.

Nikaizima. Nikafungua nati, nikapunguza lita mbili, nikafunga. Nikawasha. Ikakohoa, ikasafisha koo, halafu moshi ukawa mwembamba, ukapotea. Ikaanza kuimba ule wimbo wake wa ziwani. Mama mmoja aliyekuwa anapita kwenda Nyakitonto na beseni kichwani akasimama, akasikiliza, akageuza.

Bukuru akauliza, "Umefanya nini?"

Nikamjibu, "Filta mpya."

Nimedanganya. Tena bila kupepesa.

Alitoa simu yake ya kitochi, akamwambia yule wa mizani asisumbuke Alhamisi. Halafu akaondoka bila kuaga, maana adabu hana.

Ningeweza kuishia hapa, nimeshinda. Lakini oili iliyozidi inakorogwa, inatoa povu la njano. Mwaka jana nililiona povu hilo kwenye kijiti, na Bukuru anakamua mawese nyumbani kwake. Nikasimama sokoni nikapiga kelele kwamba shemeji yangu ni mwizi, anauza oili yangu na kujazia mawese kwenye injini. Watu walicheka wakashika mbavu. Tangu siku hiyo kijiji kizima, hata watoto, wanamwita Mawese. Juzi kanisani msoma matangazo kateleza akamwita hivyo hivyo. Bukuru aliinamisha kichwa.

Nilicheka kuliko wote.

Jioni hii nimemweleza mke wangu, nikitegemea anihurumie. Amesema, "Beseni langu liko wapi?" Kisha akasema, "Yule ni kaka yangu." Basi. Sijawahi kupigwa kwa maneno machache hivyo.

Nimechukua tupa nikakata alama mpya kwenye kijiti, chini ya ile ya zamani. Nikifa, atakayejaza asiizamishe tena. Bukuru ataiona. Si mjinga kiasi hicho, ataelewa ni nani aliyekosea.

Aione.

Simpendi hata sasa, nisieleweke vibaya. Ana kiburi, na anakula akitoa sauti. Lakini oili iliyozidi nimeipunguza kwa nati moja. Jina nalimwagaje?

Kesho asubuhi kina mama wakishapanga mabeseni, nitasimama mlangoni niwaambie hakukuwa na mawese, kulikuwa na mzee na pima maji. Kisha nitamwita Bukuru, kwa jina alilopewa na mama yake, wote wasikie.

Mara moja tu. Asije akazoea.