Udongo Mwekundu kwenye Baiskeli

Mwaya, Jumamosi

Ati fundi ni Ambakisye, mdogo wangu! Ile baiskeli chakavu tuliyopewa na mwalimu wa misheni nimeihangaikia mimi miezi miwili. Nimenyoosha magurudumu, na mpira wa ndani ulipokosekana nikashindilia majani makavu ya mgomba. Leo yeye kaja na udongo mwekundu wa wafinyanzi Wakisi, akaipaka tu.

Mama akapiga vigelegele. "Ndaga fijo, mwanangu!" akamshukuru yeye. Mimi nimesimama palepale, koleo mkononi.

Udongo usiochomwa hutoka ukinyeshewa. Nilijua, nikanyamaza. Sasa ngurumo zinatokea ziwani, nami, Mungu anisamehe, nafurahi.

Ila kesho Mama atapanda nyuma kwenda kanisani, na gauni lake jeupe.