Walioogopa Kikombe cha Mwalimu Ouma

Mwanangu Ouma,

Ni mama yako, nyar Sori, binti wa ziwani niliyeolewa huku Oyugis na mpaka leo sijajifunza kuongea polepole. Niliishia darasa la nne, unajua, lakini mwandiko wangu hata wewe mwalimu uliusifu. Ulisema herufi zangu zimesimama wima kama watoto kwenye gwaride. Kwa hivyo naandika mwenyewe. Sitaki mtu wa kuniandikia, maana huyo mtu Jumapili ataenda kanisani, na nitakayosema humu si ya kupendeza kanisani.

Wacha nianze na mazuri. Mazuri yako ni yangu, hakuna atakayeninyang'anya.

Unakumbuka tulivyokuwa tukienda Sori kuchukua omena, dagaa wetu wa ziwani? Ulikuwa mdogo bado, unavuta kamasi. Wanawake wameinama wanaanika, na wewe umesimama katikati yao unaimba nyimbo za kanisa, mkono unapunga hewani kana kwamba una kwaya nzima mbele yako. "Huyu mtoto ni wa nani?" wanauliza. Nilikuwa nimesikia mara ya kwanza, lakini nilinyamaza ili waulize tena kwa sauti. "Wangu!" nikasema. "Nani mwingine angezaa hivi?" Wakakujazia omena kwenye kofia. Ile kofia ilinuka mpaka ukaanza shule.

Ukakua, ukaenda chuo cha walimu, ukapelekwa kufundisha kule Migori. Watoto wa wengine wakipata kazi wanasahau njia ya nyumbani. Wewe ulirudi kila Jumamosi kufundisha kwaya yetu. Uliwakuta wanaimba kama watu wanaofukuza nyani shambani, ukawagawanya sauti nne. Unakumbuka yule mzee wa kanisa mwenye besi, aliyekuwa akianza kabla ya wenzake? Ulimwambia kwa heshima, "Jaduong', hapo ngoja wenzako, mwingie pamoja." Naye akakujibu, "Mwalimu, mimi ni mzee wa kanisa, siwezi kungoja vijana." Tulicheka mpaka mama mmoja akalala kwenye benchi.

Mliposhinda mashindano Homa Bay, nilikaa mstari wa mbele na mkoba wangu magotini, nikimwambia kila aliyekaa karibu nami kwamba huyo anayepunga mikono nilimbeba tumboni. Pilista, mama yako wa ubatizo, aliyekushika wewe ukimwagiwa maji kichwani, akanivuta kitambaa. "Nyar Sori, mwachie Mungu naye ajisifu kidogo."

"Mungu ana watoto wengi," nikamwambia. "Mimi wa kuimba ninaye huyu."

Hayo ndiyo mazuri. Sasa haya mengine.

Uliporudi kutoka Migori na sanduku lako, suruali imefungwa kwa kamba ya kiatu, sikukuuliza. Nilikupikia. Wewe ndiye uliyesukuma sahani kando ukasema, "Mama, ni ukimwi. Nimepimwa. Sitaki tulizungushe." Nami nikasema, "Kula kwanza." Ndiyo maneno niliyokuwa nayo.

Hii miaka ya tisini imetuchosha kwa kuchimba makaburi, lakini ukisikiliza watu wetu, hakuna aliyekufa kwa ugonjwa huo. Kanisani ulisikia ni mapenzi ya Mungu. Nje ya mlango wa kanisa, watu walewale walisema ni chira, kwamba umevunja mwiko wa ukoo ndiyo maana mwili unakauka, na hao ndio waliotuhubiria kwamba chira ni mambo ya giza. Wakifika kisimani walisema ugonjwa wenyewe, lakini kwa kuinua kidole tu, bila kuutaja jina. Kisha wakanikuta mimi njiani: "Nyar Sori, mwalimu anaendeleaje? Tunamwombea." Wanauliza wakiwa wameshapita.

Hukutaka mambo makubwa. Hukutaka harambee, hukutaka kupelekwa kwa waganga. Ulisema unataka kushiriki Meza ya Bwana na watu wako, kama siku zote, mpaka utakaposhindwa kutembea. Basi.

Jumapili ile ulivaa shati jeupe, nikakushika mkono. Unajua kanisani kwetu kikombe ni kimoja, na huanzia upande wa dirisha kikaishia upande wa mlango. Tulipopiga magoti, wewe ukawa katikati. Ouma, sijawahi kuona watu wetu wakikimbilia mbele za Mungu namna ile! Watu ambao siku zote huburuta miguu mpaka pasta akohoe, siku hiyo walisongamana upande wa dirisha kama wanaogombea maji ya bomba. Kila mtu alitaka kunywa kabla yako. Upande wa mlango nilibaki mimi, na Pilista aliyechelewa kuelewa, na bibi mmoja asiyeona vizuri.

Ulikunywa. Nami nikanywa baada yako, nikainua kile kikombe juu makusudi ili waone. Kisha nikamtazama Pilista koo. Mtu akinywa, koo lake hushuka na kupanda. La Pilista halikushuka. Aligusa midomo kwa kitambaa, akafumba macho kama mtakatifu.

Nilidhani hukuona. Tukiwa njiani ukaanza kucheka mpaka ukakohoa, tukasimama. "Mama, umewaona? Miaka yote nawafundisha kuingia pamoja, wamenishinda. Leo wameingia pamoja."

Nilicheka na wewe. Nilidhani kicheko kitatufikisha mahali.

Ndipo wakaja nyumbani, pasta, yule mzee wa besi, na Pilista. Nikatandika kile kitambaa changu nilichoshona maua, kile ambacho hata wageni wa harusi wanakiulizia, nikaleta chai ya maziwa. Pilista akasema, "Usijisumbue, dada, tumefunga." Wamefunga! Na mdomo wake ulikuwa bado unang'aa mafuta ya mandazi.

Pasta akazungumza vizuri sana. Pasta huzungumza vizuri. "Mwalimu, tunafikiria afya yako. Kanisani kuna baridi, kuna vumbi. Usijichoshe. Tutakuletea Meza hapa hapa nyumbani."

Ukamwambia, "Pasta, kama shida ni kikombe, niweke mwisho kabisa, baada ya watu wote. Mwisho wa mstari bado ni kwenye mstari."

Mzee wa besi akatazama kofia yake. Pasta akasema, "Hapana, hapana, mwalimu. Nyumbani ni vizuri zaidi." Wakaomba, maombi marefu, wakaondoka. Vikombe vya chai vilibaki vimejaa, vimeshika utando juu.

Jumapili ya kwanza ulivaa shati jeupe ukakaa sebuleni kuanzia asubuhi. Hawakuja. Nikasema labda ibada imechelewa kwisha. Jumapili iliyofuata ukavaa tena. Nilikuwa nalipiga pasi mwenyewe, na lilikuwa linazidi kuwa kubwa kwako kila wiki, mabega yananing'inia. "Wanakuja?" unaniuliza, na mimi nasema wanakuja. Nilienda kwa pasta mara nyingi mpaka mbwa wake akaacha kunibwekea. Mara kuna semina, mara ana mazishi upande wa Karungu, mara divai imekwisha. Nikamwambia nipe mimi nibebe, mkono wangu hautetemeki. "Kikombe hakibebwi na mtu asiyewekewa mikono, nyar Sori." Kwa hilo alikuwa na sheria.

Siku moja nilikata mkate wa dukani nikaleta na chai ya rangi. Nikasema, wacha mama yako akuombee, Mungu anajua tulivyokwama. Ulinishika kifundo cha mkono, ukawa mpole sana. "Si mkate niliotaka, Mama. Nilitaka watu."

Nami watu sina. Mimi ambaye naweza kuuza omena iliyokaa mpaka mnunuzi anishukuru, nilishindwa kukuletea watu wa kupiga magoti na wewe.

Ukafa.

Hapo sasa walikuja. Ungeona! Walijaa boma mpaka wengine wakakaa kwenye mahindi. Kwaya yako nzima na sare, turubai, spika. Pilista alijitupa chini akalia kwa sauti iliyowashinda hata dada zako. Walewale walioogopa chai yangu walipanga mstari na sahani, na ng'ombe wa baba yako akaisha kabla sijaona hata mfupa. Pasta akasimama mbele ya jeneza akasema, "Huyu tulikula naye, tukanywa naye kikombe kimoja." Watu wakasema amina.

Zamu yangu ikafika, kama mama. Walinipa kipaza sauti wakitegemea nitawashukuru. Nikaanza kujisifu na wewe kama kawaida yangu, Sori, chuo, Homa Bay, wakatabasamu. Kisha nikasema, "Mwanangu alikuwa akivaa shati kila Jumapili akingoja kikombe mlichomwahidi." Mzee wa besi akawainulia kwaya mkono. Wakaanza wimbo juu ya maneno yangu. Nikaendelea kusema, wakaendelea kuimba. Na waliimba vizuri, Ouma, sauti zote nne, bila kosa. Hakuna aliyeanza kabla ya mwenzake. Hata mimi mwenyewe sikusikia nilichokuwa nikisema.

Nilidhani baadaye wataona aibu. Nilingoja sana hiyo aibu. Nilifikiri pengine Pilista atakuja hata usiku, agonge, aseme, dada, nisamehe. Tunakutana sokoni, ananiuliza bei ya omena.

Sasa nikueleze ya juzi ambayo ndiyo iliyonifanya nitafute kalamu. Wageni wametuletea vikombe vidogo, vya kioo, vidogo kama kifuniko cha chupa, vimepangwa kwenye sinia inayong'aa. Pasta akavionyesha mbele ya kanisa. "Kwa usafi na maendeleo," akasema, "kila mshiriki na chake." Watu wakapiga makofi, wengine wakapiga vigelegele. Hakuna aliyetaja jina lako. Hakuna aliyejiuliza mbona vimehitajika.

Pilista ndiye aliyeshika sinia. Alipofika kwangu nikamnong'oneza, "Hivi vilikuwa wapi mwanangu akiwa hai?"

"Wacha hayo, dada. Mungu ni mwema."

Nilikishika kile kikombe mpaka divai ikapata joto la mkono wangu. Kisha nikakirudisha kwenye sinia kikiwa kimejaa. Sikupata nguvu hata ya kukimwaga.

Na kumbe Pilista anavyopita na sinia yake, mtoto wake yuko benchi la nyuma. Anyango, yule mwembamba wa sauti ya kwanza, uliyekuwa ukimwita filimbi. Amerudi kutoka Kisumu. Amevaa sweta kwenye jua kali. Mama yake anasema sokoni ni malaria. Benchi lote ni lake peke yake, na pembeni watu wamebanana mpaka watoto wanalia. Sinia haikufika kwake. Iliishia benchi lililo mbele yake, ikageuka.

Nilitoka mahali pangu nikaenda kukaa naye. Usinisifu. Sikufanya lolote, ni kukaa tu. Baada ya ibada watu walitupitia kama wanaopita nyumba yenye mbwa, na Pilista akatoka kwa mlango wa mbele na wenzake.

Anyango akaniambia, "Mama, pasta amesema nisijichoshe kuja tena. Amesema wataniletea Meza nyumbani." Alifurahi, Ouma. Alisema atafua vazi lake la kwaya ili wamkute tayari. Kisha akaniuliza, "Kwa Mwalimu walikuwa wakija mapema, au jioni?"

Nilitazama mikono yake. Nikamwambia jioni. Nikamwambia wakati mwingine huchelewa.

Pumzika, mwanangu. Wakiniuliza wewe ni wa nani, bado nasema wangu, kwa sauti ileile, hata kama siku hizi hakuna anayeuliza.

Mama yako aliyekunywa baada yako,
nyar Sori