Makosa ya Violet

Jumatatu, 1 Juni 1931

Harusi yangu ni Jumamosi — na leo Baba amegundua kwamba Violet ana kasoro! Violet! Farasi jike aliyevuta gari letu la maziwa tangu nikiwa shuleni, anayepita kando ya treni bila kutikisa sikio. Tulikuwa mezani. Baba akaweka kikombe chini, akasema jike huyo ameanza kuona boggart. Ndivyo wasemavyo Lancashire, alikofanya kibarua ujanani: farasi akishtuka na kuruka pembeni, basi ameona zimwi kwenye ua wa miti. Zimwi gani? Gunia, anasema, lililonasa kwenye miiba. Akinivuta huyo, anasema, huenda nisifike kanisani salama. Labda tusogeze harusi mpaka tumalize kukata nyasi?

Nikamwambia gunia hilo liko pale tangu Krismasi, na Violet hulisalimia kila asubuhi.

Akaongeza sukari kwenye chai.

Jumanne, 2 Juni

Kosa jipya! Hili limetoka Scotland, kwa sababu huko nako Baba aliwahi kuajiriwa. Funk — yaani anarusha mateke. Nilikwenda zizini kumtazama huyo mpiganaji. Alikuwa amesinzia, kuku kalala mgongoni mwake.

Clifford, mchumba wangu, alikuja jioni na pikipiki yake. Nilipomsimulia alicheka mpaka akakohoa. Halafu akasema basi akodi motokaa mjini, yaishe. Baba akapaza sauti dirishani: binti yake haendi kuolewa ndani ya kopo la bati! Kwa hiyo Violet hafai, na motokaa haifai. Mfa maji haachi kutapatapa.

Jumatano, 3 Juni

Leo Violet hajafanya kosa lolote. Baba alikuwa mnadani kutwa.

Alhamisi, 4 Juni

Shangazi Hannah, dada yake Baba, kaja na kofia yangu ya harusi. Hata hajaketi, Baba kamtolea kosa la tatu. Hili ni la kwetu kabisa: reest. Farasi anasimama katikati ya njia, anagoma, hata umsukume na kijiji kizima.

Shangazi akashika kifua. Farasi wa bibi harusi akigoma njiani, ni nuksi! Bora bibi harusi arudishwe nyumbani siku hiyohiyo.

— Enhe, bora arudi, akasema Baba. Polepole, kama aliyeokota kitu barabarani.

Baadaye nilimuuliza atakula nini nikishahamia Darlington, kwenye nyumba aliyopewa Clifford na kazi yake ya reli. Akasema, kwani mimi mtoto? Yai naweza kuchemsha. Hawezi. Mara ya mwisho aliunguza sufuria ikatoboka. Tangu Mama afariki tumekuwa sisi wawili tu, na Violet. Nikaosha vyombo haraka ili asinione uso.

Ijumaa, 5 Juni

Baba yuko zizini tangu asubuhi. Amesugua shaba zote za lijamu, amemsuka Violet utepe mweupe shingoni, na kumpaka mafuta kwato. Kwa farasi mwenye makosa yote yale! Nikamtania: umempambia zimwi? Hakucheka. Akasema mkanda mmoja umechakaa, huenda ukakatika kesho. Nikauvuta kwa nguvu zangu zote. Mzima.

Namtaka Clifford. Naandika hivyo hapa wazi maana leo nimelia mara mbili na nisingependa kujidanganya. Namtaka.

Jumamosi, 6 Juni

Naandika kwa penseli, shajara juu ya shada la maua. Niliificha mkobani ili Shangazi asiikute nyumbani. Tumesimama darajani! Kengele za kanisa zinalia, zinaita, na sisi tumesimama tu. Shangazi, nyuma yangu, anasema nuksi, nuksi, turudi jamani. Baba anasema:

— Si nilikwambia, binti? Reest hiyo. Ndiyo hiyo sasa.

Anambembeleza Violet kwa ulimi: twende mama, twende bibi. Violet ameinua masikio. Anakanyagakanyaga mbao. Anaegemea mbele, kisha kichwa kinarudi juu, mdomo wazi.

Nimetazama mikono ya Baba. Hatamu ziko kifuani kwake. Amezivuta mpaka vidole vimekuwa vyeupe, na bado anamwambia twende. Sidhani kama anajua.

Clifford anateremka kutoka kanisani, kofia mkononi, anatembea upesi. Baada ya kona ile atatufikia.

Nimeweka mkono wangu wa kushoto juu ya mikono ya Baba. Ni baridi. Hajalegeza. Na mimi bado sijamwambia alegeze.