Malodi wa Uingereza na kigoda cha baba

Jumamosi. Upepo umeanza kabla ya jua na haujanyamaza mpaka sasa. Vumbi limeingia dukani, limeingia kwenye sukari, limeingia kwenye meno. Mawingu yanapita juu ya Iguguno kwetu kama hayatujui. Asubuhi kila aliyeniuliza naendeleaje nilimwambia naendelea vizuri, na sikumdanganya. Sikuwa najisikia vibaya.

Sikuwa najisikia chochote.

Wale mnaonifuata hapa kwa ajili ya siasa za Uingereza, mnisamehe kwa ukimya. Najua niliwaacha katikati. Mara ya mwisho nilikuwa nawaeleza jinsi chama cha wafanyakazi kilivyoingia madarakani na ahadi ya kuwatoa malodi, wale wajumbe wa bunge la juu, wote waliobaki kwa kurithi cheo, jinsi wahafidhina walivyokuja juu, na jinsi muswada ulivyokuwa unarushwa kutoka bunge la chini kwenda la juu na kurudi. Nikasema nitamalizia wiki inayofuata. Wiki iliyofuata nilikuwa namzika baba.

Sijawahi kuwaambia kwamba blogu hii ilikuwa yake.

Baba alianza kusikiliza matangazo ya Kiswahili kutoka London akiwa kijana, akalipenda bunge la kule kama wengine wanavyopenda timu ya mpira. Alijua nani kahama chama, nani kajiuzulu, nani kamkatiza mwenzake akiongea. Macho yalipomwisha nguvu akawa hawezi tena kusoma gazeti, basi akawa anakuja dukani kwangu jioni. Nauza dawa za mifugo na mbegu. Yeye anakaa juu ya gunia la chumvi ya ng'ombe, mimi nasoma habari za Kiingereza kwenye simu, namtafsiria. Alichouliza yeye ndicho nilichokuja kuwaandikia nyie, kwa sababu nilijua na nyie mngeuliza hicho hicho.

Kwenye mambo yote alikuwa mtu wa mabadiliko. Alitaka umeme, alitaka zahanati, alitaka wasichana wasome. Ila ukigusa Baraza la Malodi, anakuwa mhafidhina kuliko wahafidhina wenyewe.

Sababu naijua. Na yeye alikuwa lodi.

Kijijini kwetu, nyuma kidogo ya barabara, kuna lambo, bwawa la kunyweshea mifugo. Lilichimbwa kwa majembe ya mkono na familia chache, babu yangu akiwemo, enzi ambazo ng'ombe walikuwa wanakufa njiani kutafuta maji. Kamati ya lambo ina wajumbe wa aina mbili. Wapo wa kuchaguliwa, ambao mkutano wa kijiji unawanyooshea mikono. Na wapo wa kigoda. Hao ni wa zile familia zilizochimba. Mzee wa familia anakuja na kigoda chake cha kuchonga, anakaa upande wa ukuta wa lambo, na akifa mtoto wake anakuja na kigoda hicho hicho.

Mjumbe wa kigoda hawezi kukataa jambo. Anachoweza ni kulichelewesha. Akiona watu wana haraka, anasimama, anakilaza kigoda chake ubavu chini, basi. Hakuna kujibizana, hakuna kumuuliza sababu. Jambo hilo halizungumzwi tena mpaka mkutano mwingine. Mara ya pili kigoda hakilazwi, watu wanaamua wanavyotaka.

Nilipomsomea baba kwamba malodi nao wanaweza kuchelewesha sheria lakini hawawezi kuiua, alipiga goti kwa kiganja. Akasema, "Umeona? Wametuiga." Tangu siku hiyo nusu ya kijiji ikawa inamwita Lodi. Na yeye akawa anaitika.

Tulibishana sana, mimi na yeye. Nilikuwa namwambia haiwezekani mtu atunge sheria kwa sababu tu babu yake alipewa cheo na mfalme. Anasema aliyechaguliwa jana anataka kila kitu leo, kwa sababu kesho kutwa anaomba kura tena, kwa hiyo lazima pawe na mtu asiyeogopa kura. Namuuliza, "Na wewe baba, nani alikuchagua?" Anasema, "Jembe la babu yako." Siku niliyomsomea kwamba lodi wa kurithi akifa, wenzake wa kurithi ndio wanampigia kura mrithi mwenzao, na kuna wakati wagombea walikuwa wengi kuliko wapiga kura, alicheka mpaka wateja wakatoka nje kuona kuna nini. Alikubali hilo ni aibu. Akasema hata hivyo, kwa kuwa wanajua aibu yao, hawatatamba sana.

Nimeandika aya hiyo yote macho makavu. Nilidhani ningelia.

Leo asubuhi kulikuwa na mkutano wa lambo. Vijana wanaolima vitunguu wanataka kuweka pampu zivute maji, wafugaji wanaogopa ng'ombe watabaki na tope. Jambo hilo baba alililazia kigoda kabla hajaugua. Leo mwenyekiti Msengi hakulileta kwanza. Alileta lililojificha nyuma yake: je, vigoda viendelee?

Msengi nilisoma naye shule ya msingi. Si mtu mbaya. Alipokuja msibani alibeba maji mwenyewe.

Kaka zangu wako mbali, mmoja Mwanza, mwingine Dodoma, wote wamesema kwa simu kwamba kigoda nikikalie mimi. Baba mdogo Yona, mdogo wake baba, aliniletea kigoda mpaka dukani akiwa amekifuta vumbi na kukipaka mafuta ya alizeti. Akaniambia, "Mwanangu, wewe kazi yako ni moja tu. Wakileta hilo neno la kufuta vigoda, kilaze. Mkutano ujao tutajipanga." Nikasema, "Sawa, baba mdogo." Siku hizi nasema sawa kwa kila kitu. Ni neno jepesi, halihitaji nguvu.

Mkutanoni nikawaamkia wazee, nikakaa. Kigoda cha baba kina bonde dogo upande mmoja, pale alipokuwa anaegemea mguu wake mbovu. Nilikaa ndani ya bonde hilo.

Msengi akaeleza hoja yake vizuri tu. Kisha akatoa simu mfukoni, akasema ataomba kusoma maneno ya mtu wa humu humu. Akaanza kusoma. Sikutambua kwanza. Sauti yake ilikuwa nzito na mimi nilikuwa nawaza kama nimefunga kufuli la duka. Halafu nikasikia: "Kiti cha kuamua mambo ya watu si shamba, mtu asikirithi."

Ni mimi niliyeandika hivyo. Niliandika hapa hapa kwenye blogu, nikiwacheka malodi.

Watu wote wakanigeukia. Hakunisoma kwa kejeli, na sijui kwa nini hilo ndilo lililonikera zaidi. Alisoma kama mtu anayesoma kitu anachokiamini. Mzee mmoja wa kigoda akasimama akaomba jambo la upole: wazee waliopo wabaki na vigoda vyao mpaka Mungu awachukue, ila wasirithiwe. Nikakumbuka kwamba hata kule London malodi waliomba hivyo hivyo, na bunge la chini likakataa. Baba alikuwa amekasirika sana siku hiyo, alisema wamewanyima hata kufa na heshima zao.

Msengi hakukataa. Alisema sawa, wazee wabaki. Watu wakapiga makofi.

Nikachukua muda kuelewa maana yake. Wazee wote wanabaki. Waliokufa hawarithiwi. Na tangu wazo hili lianze kusemwa, aliyekufa ni mmoja.

Kwa hiyo kigoda kinachoondoka ni kimoja, kile nilichokuwa nimekikalia.

Baba mdogo alikuwa amekaa upande wa pili wa mkutano. Aliniangalia, akainua kidevu kidogo, yaani sasa. Ilikuwa ni kusimama tu na kulaza kipande cha mti. Nadhani hata Msengi alikuwa anangoja nikilaze. Nilitafuta ndani yangu hasira, au uchungu, au hata ubishi ule wa zamani. Ilikuwa kama kubisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu. Kilichokuwepo ni kile ninachokiamini, kimekaa peke yake, hakina joto.

Msengi akauliza wanaokubali. Nikanyoosha mkono.

Nilinyoosha nikiwa nimekaa juu ya kigoda chenyewe. Hoja ikapita. Mama mmoja nyuma yangu alivuta pumzi kama mtu aliyemwagikiwa maji ya moto, na hapo ndipo nilipojua kwamba nimefanya kitu.

Njiani baba mdogo hakunisubiri. Nilipomkaribia akasema bila kugeuka, "Umemzika kaka yangu mara ya pili." Nikasema, "Samahani, baba mdogo." Nilimaanisha, lakini nilisikia jinsi ilivyotoka. Kama ninavyomwambia mteja kwamba dawa ya minyoo imeisha.

Nikabeba kigoda mwenyewe mpaka nyumbani kwa mama.

Na leo ndiyo ilikuwa siku ya kugawa nguo za baba. Ilipangwa tangu tulipoanua matanga, kwa hiyo ugomvi usingeizuia. Mama alikuwa ameshatandika mkeka sebuleni na kuweka mashati, suruali mbili za ibada, kofia, mkanda. Koti la kijivu lilikuwa bado kwenye msumari wake nyuma ya mlango. Ndilo alilokuwa anakuja nalo dukani hata wakati wa joto, mfukoni ana karanga, na kabla hajakaa anawahesabia wateja wangu mikononi kama ni duka lake. Baba mdogo, aliyekuwa amefika kabla yangu, alitakiwa achukue koti. Ni haki yake, na linamtosha.

Mama akalitoa koti kwenye msumari. Karanga mbili zikaanguka sakafuni.

Sikuwaza. Ningewaza nisingefanya, maana ni ujinga mtupu ukizingatia asubuhi yangu. Nilikuwa bado nimeshika kigoda. Nikakiweka sakafuni katikati ya mkeka, kati ya mama na baba mdogo, nikakilaza ubavu.

Upepo ulikuwa unagonga bati. Baba mdogo akakitazama kigoda, akanitazama mimi. Akasema, "Si umenyoosha mkono kifutwe asubuhi hii?"

"Nimenyoosha, baba mdogo."

"Sasa?"

Mama akaangalia kile kigoda kilicholala, kisha akageuka polepole na kulirudisha koti kwenye msumari, akalinyoosha kola kwa mkono kama alivyokuwa anamnyooshea mwenyewe akitoka. Akainama, akaokota zile karanga mbili, akazirudisha mfukoni.

Baba mdogo akavua kofia. Akakaa. Hakuuliza sababu, na hakuna aliyelizungumza tena jambo la nguo. Mama akasonga ugali, tukala na mlenda, wote watatu, kigoda kimelala katikati yetu. Baba mdogo akaomba aongezewe. Nilikula nikaisikia chumvi ya mboga.

Nimeandika yote haya nikiwa bado hapa kwa mama, kabla giza halijaingia. Najua mtaniuliza kwenye maoni kama najutia mkono wangu. Hapana. Pampu zitajadiliwa na waliochaguliwa, nami nitakwenda kubishana nao kama mtu mwingine yeyote, nimesimama. Nikiulizwa tena kesho nitanyoosha tena. Wala sijabadili mawazo kuhusu malodi. Ila sikuwahi kumwambia baba kwamba namwelewa. Alikuwa haombi kutawala. Alikuwa anaomba watu wasiwe na haraka.

Na mimi nimeharakishwa tangu siku ile. Alikufa upesi, tukazika upesi, matanga yakaanuliwa, duka likafunguliwa, na kila mtu akaniuliza naendeleaje, nikasema vizuri.

Leo nimehisi kwamba baba hayupo. Ni mara ya kwanza tangu tumzike. Imeniuma, tena imeniuma sana, na nimefurahi kwamba imeniuma.

Malodi nitawamalizia nikipata nguvu. Kigoda sijakisimamisha, na mama hajaniuliza nitakisimamisha lini. Kesho nikiamka, koti litakuwa bado kwenye msumari.