Gari la Dada

Jumatatu, 4 Septemba

Nalitaka radhi daftari hili. Sijaandika tangu Pasaka. Sikuugua wala sikusafiri. Kila nilipoketi, jina lililotangulia lilikuwa Siutiti, nami sikutaka mdogo wangu ajaze kurasa nilizozinunua mwenyewe.

Leo hakuna budi. Gari limekufa.

Ni lile alilolituma kaka yetu Pauliasi kutoka Auckland mwaka jana. Nimebonyeza kitufe cha ufunguo — kimya. Nimeugusisha kwenye kioo, nikabonyeza tena. Kimya. Na ndani ya buti umo mkeka wa sherehe, pamoja na ufunguo wa mbao, ishara ya utu uzima, niliouchongesha kwa ajili ya Lupe, binti wa Pauliasi, anayetimiza miaka ishirini na mmoja Jumamosi. Una urefu wa mkono wangu, na jina lake limechongwa. Niliuficha humo Siutiti asiuone mapema. Sasa ufunguo umefungiwa.

Lupe anakuja kufanyia sherehe hapa kijijini kwetu Kolonga. Shangazi mmoja ndiye atakayeketi kwenye mkeka huo, mkeka wa juu, kama fahu, mwenye heshima kuliko wote, na kumkabidhi ufunguo wake mbele ya ukoo. Mashangazi tuko wawili, mimi na Siutiti. Mkubwa ni mimi. Hilo halijadiliwi.

Jumanne, 5 Septemba

Amekuja Folau, fundi. Nilimfundisha darasa la sita, hakufaulu.

Akauliza gari liliendeshwa lini mara ya mwisho. Mwezi mzima umepita. Sikumwambia sababu. Gari likitoka tu, Siutiti husimama barabarani kuomba apelekwe sokoni, na njia nzima huwapungia watu mkono kana kwamba ni lake. Nikaona heri lisitoke.

"Na ufunguo unakaa wapi?"

Kwenye msumari, hatua mbili kutoka kwenye gari.

"Basi ndiyo hiyo, Mwalimu. Hizi vitu zinaongeleshana. Gari linauliza, ufunguo unajibu, mchana na usiku. Zimepiga soga mwezi mzima mpaka zote zikafa."

"Hivi vitu vinaongeleshana," nikamwambia. "Vimepiga soga. Vyote."

"Sawa, hivi vitu. Lakini vimekufa vilevile."

Betri ya gari iko chini ya boneti, na kishikio cha kufungulia boneti kiko ndani. Folau akaufungua ufunguo wangu kwa ukucha. Anasema humo hukaa kijifunguo chembamba cha chuma, cha kufungulia mlango umeme ukiisha. Kwangu pana tundu tupu.

"Wa pili uko wapi?"

Pauliasi aliniambia umekuja mmoja. Folau akatazama pembeni. Magari kama haya, anasema, huletwa na mbili. Funguo mbili, nikasema. Ndiyo, akasema, mbili.

Aweza kuvunja kioo kidogo cha nyuma. Kioo kingine kitaagizwa Auckland, miezi mitatu. Nimesema nitafikiri.

Jumatano, 6 Septemba

Siutiti alipita. Akalitazama gari, akanitazama mimi.

"Dada, leo gari linapumzika?"

"Linapumzika."

"Lipumzike vizuri," akasema, akaenda zake, mkoba ameubana kwapani.

Alhamisi, 7 Septemba

Lupe amefika kwa ndege ya asubuhi. Mrefu, mchangamfu, uso ni wa marehemu mama yetu. Nilimpakulia lu, nyama iliyopikwa kwa majani na tui kama aipendavyo, nikamweleza habari ya gari. Sikutaja kilichomo.

"Si umwombe Shangazi Siutiti ule mwingine?" akasema, mdomo umejaa. "Baba alimpa tangu gari lilipokuja. Ameufunga utepe mwekundu."

Nikaweka upawa chini. Nikauliza kwa nini apewe yeye.

"Baba alisema gari ni la dada."

"Ndiyo. La dada."

"Sasa Shangazi, nyinyi si dada zake nyote wawili?"

Alipokwenda kuoga nilikitoa kile kipande cha karatasi ngumu kilichokuja nyuma ya kioo cha mbele. Nimekihifadhi ndani ya Biblia. Mwandiko wa Pauliasi: Gari hili ni la dada. Basi. Hakuandika yangu, hakuandika zangu. Miaka thelathini na minane nimewafundisha watoto wa watu kwamba yako maneno yasiyobadilika katika wingi. Dada mmoja, dada kumi. Nami nilisoma umoja, kwa sababu ndio nilioutaka.

Lakini kwa nini anifiche? Kwa nini mkubwa adanganywe na mdogo aaminiwe?

Na liko jingine. Mwaka mzima Siutiti amesimama barabarani kuniomba lifti, ufunguo umo mkobani mwake. Hakuutumia hata siku moja. Sijui lipi linaniuma zaidi: kwamba alipewa, au kwamba hakuutumia.

Ijumaa, 8 Septemba

Saa nne asubuhi. Folau yuko uani na nyundo aliyoizungushia kitambaa. Nilimwita alfajiri kabla sijabadili nia. Siutiti yuko barazani. Amekuja bila kuitwa, utepe mwekundu unaning'inia kiganjani, na kijifunguo cha chuma kimetokeza.

"Dada, nimeleta ufunguo."

Nimeleta. Hakusema nimekuletea. Nikamwambia auweke mezani.

"Nitafungua mwenyewe. Na kesho tukae sote wawili."

"Mkeka wa juu ni mmoja."

"Mmoja, lakini mpana. Niliuona ulipokuwa unausuka. Ulidhani sijauona?"

Nikaingia ndani kutafuta miwani, nami miwani ninayo usoni. Nimeketi hapa. Akilifungua yeye mbele ya Folau, kufikia jioni Kolonga nzima itajua ufunguo ulitoka kwa nani, na kesho nitamwondoaje mkekani? Nikivunja kioo, nitaketi juu peke yangu, na Lupe ataniona nilivyoketi.

Naujua upana wa mkeka ule. Wanatosha wawili, wakibanana.

"Mwalimu," Folau anaita, "nivunje au nisubiri?"

"Msubiri, hutafuta maneno huyo," Siutiti anamjibu. Anacheka. Kicheko cha mama.

Nikishaamua nitaandika hapa, kwa umoja au kwa wingi.