Manowari ya Papa Anselme

Jumapili, 7 Septemba. Louisville

Shuka, shuka, shuka. Zamu ya Jumapili tena, kanisa nimelikosa tena. Mashine moja ya kufulia imeharibika na hakuna anayejali. Wazee wa nyumba ile ya kutunzia wazee wanachafua vitanda, sisi tunafua, wanachafua tena. Nimerudi mikono inanuka dawa.

Yaya Riziki amepiga simu kutoka Columbus. Huyu dada yangu mkubwa hajawahi kupiga simu bila kutaka kitu. Leo anataka niolewe. Amenipatia mgane wa Buffalo, mzaliwa wa Kalemie. Zamani alikuwa fundi wa injini bandarini, sasa anafanya kazi kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege. Hanywi. Amebatizwa. Ana gari. Alivyokuwa anamsifu ungedhani anauza hilo gari.

Nikamwambia nina miaka hamsini na nne. Akasema mwenzangu ana sitini na kitu, hesabu inakubali. Hesabu gani, sijui.

Neema, binti yangu, alikuwa anasikiliza. Akasema kwa Kiingereza kwamba ni maisha yangu. Kwa watoto wa nchi hii kila jambo ni maisha ya mtu. Akarudi kwenye simu yake.

Jumatano, 10 Septemba

Amepiga. Anaitwa Anselme. Papa Anselme, kwa heshima ya umri, si ya kitu kingine. Hakuniuliza nyumbani kwetu ni wapi. Hakuniuliza Samweli, marehemu mume wangu, alikufaje. Aliniuliza kama napenda meli.

Anatengeneza mfano wa manowari ya Kijerumani, wa mbao na bati, jikoni kwake Cheektowaga, pembeni mwa Buffalo. Miaka miwili sasa. Inaitwa Schleswig-Holstein. Jina kama mtu anayekohoa. Anasema yote yalianza na Liemba, ile meli ya Wajerumani ya kwenye ziwa letu. Ilizamishwa, ikaibuliwa, ikaendelea kubeba abiria mpaka sisi tukazeeka. Tangu aione akiwa kijana, hawezi kupita karibu na chuma kikuukuu cha Kijerumani bila moyo kumwenda mbio.

Mwanaume mzima anacheza na mashua jikoni. Nikamwambia nina kazi asubuhi. Ni kweli, lakini ningesema hata kama si kweli.

Jumamosi, 20 Septemba. Whitehall, kwa Yaya

Tumeletwa Columbus na gari la kanisa, mimi na Neema. Papa Anselme ametoka Buffalo na manowari yake kwenye sanduku, kaifunga mkanda kwenye kiti cha mbele. Nimeona kwa macho yangu.

Yaya alikuwa ameshaandaa meza. Bugali, sombe ya majani ya muhogo, samaki. Papa Anselme akasogeza sahani, akaiweka meli katikati. Tukala pembezoni kama watumishi.

Ni kitu kirefu cha kijivu chenye dohani mbili. Mwanzo zilikuwa tatu, anasema, uzeeni zikabaki mbili. Ana “donc” ya Kifaransa kila baada ya maneno matatu. Nimejifunza mengi ambayo sikuyaomba. Kwamba manowari hizo zilizaliwa zimeshapitwa na wakati, maana rangi haijakauka, Waingereza wakatoa ya aina mpya, kubwa zaidi na yenye mbio zaidi. Kwamba zilipelekwa kwenye vita kuu ya kwanza hivyo hivyo, na moja, Pommern, ikazama na kila mtu aliyekuwa ndani. Kwamba Wajerumani waliposhindwa, walionyang'anywa ni manowari mpya. Hizi kuukuu wakaachiwa, kwa dharau. Zikawa ndizo jeshi lao la majini. Nyingine ikafanywa shule ya mabaharia vijana. Nyingine ikafanywa shabaha, ikaendeshwa kwa redio bila mtu ndani huku wenzake wakiipiga.

Nikasema: kwa hiyo zilidharauliwa, halafu zikafundisha, halafu zikapigwa. Kama walimu wetu wa Uvira. Shemeji, mume wa Yaya, akacheka hadi akakohoa. Papa Anselme hakucheka. Akasema ndiyo, kabisa, nimeelewa vizuri sana.

Hajui hata akitaniwa.

Baada ya kula akaosha vyombo vyote, bila kuombwa. Naandika kwa sababu ni kweli. Sufuria ya bugali aliiacha na ukoko.

Jumapili, 21 Septemba

Ametualika. Maktaba ya mtaani kwake itampa ukumbi mwezi ujao, aionyeshe meli na kueleza habari zake. Kwa Kiingereza. Kiingereza chake ni cha ghalani: inua, shusha, harakisha.

Nikakataa. Yaya akanivuta chumbani. Akasema nitazeeka nikikunja shuka za watu nisiowajua, Neema ataondoka, na hakuna atakayejua kama nimeamka. Nilimchukia kwa dakika kadhaa. Anasema mambo hayo huku ananikanda bega, ndiyo maana yanauma.

Nikasema nitaenda kuiona Buffalo. Si yeye.

Alhamisi, 2 Oktoba. Louisville

Sitaki kuandika. Naandika.

Amepiga simu kunisomea hotuba yake. Kufika katikati akashusha sauti, kama mtu anayekaribia utamu. Donc, meli kuukuu, iliyochekwa na wote, ikaenda bandari ya Danzig kama mgeni. Ikasema inakuja kuwakumbuka mabaharia wa Kijerumani waliokufa zamani. Ikapokewa. Ikafunga kamba. Tumboni mwake askari wamejificha. Alfajiri moja ikaigeuzia mizinga kambi ndogo ya Wapolandi iliyokuwa pale pale jirani, ikapiga. Makombora ya kwanza ya vita kuu ya pili. “Unaona, mama Neema? Kizee ndicho kilichoanza.”

Nikakata simu.

Wakati wa vita yetu walikuja kwetu jioni, wenye bunduki. Wakaomba maji. Kisha chakula. Samweli akasema wageni ni wageni, wapikie. Nikapika. Wakala wakanishukuru, mmoja akaniita mama. Wakalala kwenye mkeka wetu. Alfajiri wakamtoa nje.

Neema alikuwa mtoto wa mgongoni. Anajua baba yake aliuawa vitani. Hajui kwamba walikula kwanza. Sijamwambia mtu, hata Yaya. Na huyu mpumbavu ananisomea kwa sauti tamu.

Ijumaa, 10 Oktoba. Cheektowaga

Nimekuja. Usiniulize kwa nini. Naona nilitaka kumwona akisema hadharani, nimdharau vizuri, nimalize.

Neema ameendesha kutoka Louisville, tukamchukua Yaya Columbus. Mvua njia nzima. Tumefikia kwa mama mmoja wa kanisa, mkarimu, mwenye maneno mengi.

Mji huu una majina ya ajabu. Kwenye duka la nyama, kwenye kanisa, kwenye nyumba ya mazishi, herufi zimesongamana, hakuna pa kupumulia. Nikamuuliza Neema ni lugha gani. Akatafuta kwenye simu. Kipolandi. Mitaa hii imejaa watu wenye asili ya huko, babu zao walikuja zamani kufanya kazi viwandani.

Nikaikumbuka ile kambi ya Danzig.

Nikampigia Papa Anselme. Nikamwambia kesho atasimama mbele ya Wapolandi kuisifu meli iliyowapiga. Akasema bon, hilo analijua, majirani zake ni hao hao, ni zaidi ya miaka themanini sasa, na watu hupenda historia.

Watu hupenda historia. Nimelala na maneno hayo kama kokoto mdomoni.

Jumamosi, 11 Oktoba

Viti vingi, watu wachache. Wazungu wazee, wamekunja makoti magotini. Sisi watatu mbele. Papa Anselme kavaa suti inayomzidi mabega. Meli mezani chini ya taa. Nzuri, hilo sikatai. Kila kamba, kila kitundu cha dirisha.

Alisoma. Kiingereza kibaya, lakini walimfuata. Alipofika Danzig, akaisoma kwa ile sauti tamu.

Bibi mmoja mwenye kofia ya sufu akainua mkono. Neema akanitafsiria sikioni. Baba yake bibi alikuwa kijana Danzig siku zile. Aliwaambia watoto wake kwamba alisimama ukingoni kuitazama meli ikiingia, kwa sababu ilipendeza. Alipunga mkono. Mabaharia wakampungia. Baadaye aliona aibu ya mkono ule maisha yake yote. Bibi anataka kujua hotuba inasema nini juu ya watu waliopunga mkono.

Papa Anselme akatazama karatasi yake. Haikuwa na kitu. Akasema asante kwa swali zuri. Akaendelea na boila. Zilikuwa ngapi, zilikula makaa kiasi gani.

Boila.

Nikasimama. Sikupanga. Nikasema kwa Kiswahili, kwake yeye, mbele ya wote: “Papa Anselme, acha boila. Mama huyu amekuuliza juu ya watu. Mgeni amepokewa, halafu amewaua wenyeji wake, na wewe unasimulia kama mchezo. Kwangu pia walikula kwanza. Niliwapikia mimi. Wakashiba, wakalala, asubuhi wakamuua Samweli.”

Wazungu hawakuelewa neno. Wakamtazama Neema, wakisubiri. Neema alikuwa ameinuka atafsiri, alivyozoea kunitafsiria hospitalini na shuleni tangu ana miaka tisa. Akafungua mdomo. Akasema mwanzo, juu ya boila na mgeni. Alipofika kwa baba yake akanyamaza. Akanigeukia. Sijawahi kuona uso ule.

Yaya akaanza kulia. Bibi wa kofia hakuhitaji tafsiri zaidi, nadhani. Akaja polepole akanishika mkono. Mkono wake baridi. Sikuuondoa wangu.

Papa Anselme akavua miwani. Akaikunja karatasi yake. Akaketi. Hotuba ikaishia hapo. Kijana wa maktaba akazima taa ya meza.

Nilitaka aaibike. Ameaibika. Hakuna raha yoyote ndani yake. Na aliyeumia zaidi ni mtoto wangu, niliyemtupia neno lile kama maji machafu.

Jumapili, 12 Oktoba

Njiani. Yaya analala nyuma, au anajifanya. Neema kashika usukani kwa mikono miwili. Hakuwasha muziki. Tumeipita Cleveland.

Kisha akasema kwa Kiswahili. Kiswahili chake ni kibovu, hakijui nini kinaenda na nini, lakini alikitafuta neno kwa neno: “Mama, walikula nini?”

Nikamwambia. Maharage na ndizi za kupika. Na chumvi, iliyokuwa imebaki kidogo, nikaimalizia humo.

Akaliingiza gari kwenye maegesho ya kituo cha mafuta. Tukakaa. Akaniuliza kama ndiyo maana sipiki maharage. Sikujua kama ndiyo maana. Nadhani ndiyo.

Jumanne, 21 Oktoba. Louisville

Papa Anselme ameandika ujumbe mara nyingi, sikujibu. Leo nikapokea simu.

Ameniomba msamaha. Aliuomba vizuri, sitasema uongo. Alikwenda pia kwa yule bibi, akabisha hodi, bibi akamkaribisha chai na akamwambia ukweli: ni mtu mwenye akili iliyojaa vyuma. Amekubali.

Nikamuuliza mwisho wa ile meli. Akasita, akajua ni mtihani. Akasema ilipigwa mabomu na ndege karibu na mwisho wa vita, ikakaa chini bandarini. Warusi wakaiibua, wakaipeleka kwenye maji ya kina kifupi, wakaifanya shabaha. Miaka na miaka wakaipiga. Mabaki yangaliko.

Nikasema vizuri.

Akasema anajua kwamba ni vizuri, lakini bado anaipenda, na hawezi kunidanganya. Nimelitafakari hilo jioni nzima nikikunja nguo. Mwanaume anayependa kitu kibaya na kusema wazi. Ni afadhali kuliko wengi. Haitoshi kuolewa.

Nimemwambia hivyo hivyo. Hatutaoana. Akasema ameelewa. Akauliza kama anaweza kupiga simu siku nyingine, bila meli. Nikasema sijui atakuwa na nini cha kusema.

Yaya hasemi nami. Shemeji anasema atasema.

Jumapili, 2 Novemba

Zamu ya asubuhi tu. Baridi. Bosi mpya wa nguo ni mjinga, anataka taulo zikunjwe mara tatu kwa sababu ameona mahali fulani. Nimezikunja mara mbili. Hakuona.

Neema hakutoka leo. Tangu Buffalo ananiuliza jambo moja moja, akiwa anafanya kitu kingine, kama anaogopa nikimwona anauliza nitaacha kujibu. Juzi, sauti ya baba yake ilikuwaje. Nzito, ya kukwaruza asubuhi. Jana, alikuwa anapenda nini. Redio. Kulala na redio ikiwaka.

Leo alikuwa anapaka mafuta miguuni. Akauliza Samweli alikuwa anavaa viatu namba ngapi. Nikafikiri. Sikumbuki. Miaka yote ile ya kuviweka mlangoni, na sikumbuki. Nikasema tu kwamba alikuwa na miguu mikubwa, na kidole cha pili kilichopita cha kwanza kwa urefu.

Neema akainama kuitazama miguu yake. Nikasogea, nikaitazama naye.